UZI: Ukibanwa nyuma na basi au V8 barabara kuu, fanya hivi

Bwana Gia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Desemba inakaribia, watu wameshaanza kupiga hesabu za mafuta. Wengi humu watatoka Dar na gari ndogo kwenda Moshi, Dodoma, Iringa, Mbeya. Mwaka mzima mtu ameendesha Mbezi–Posta, kero yake ni daladala kuchomekea na wale wanaotanua kwenye foleni. Akishaiacha Kibaha barabara inakuwa ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na nyuma yake linatokea basi limewasha taa kali (full) mchana kweupe, liko karibu mpaka taa zake hazionekani tena kwenye kioo, anaona grili tu. Hapo ndipo watu wanapoharibu.

Niliendesha semi njia ya Tunduma, sasa nafundisha udereva. Wanafunzi wangu hawaniulizi sana kuhusu kupaki wala kurudi nyuma. Wananiuliza hili la kubanwa. Jibu langu ni kwamba dereva aliyeshapandisha hasira huwezi kumfundisha adabu mkiwa kilomita 100 kwa saa. Atakupita tu. Kilichobaki mkononi mwako ni kuamua atakupitia wapi.

Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayekanyaga mafuta ili "asimcheleweshe mwenzake", matokeo yake anaendesha mwendo aliochaguliwa na mtu mwingine, kwenye kona asiyoijua. Na kuna anayegusa breki makusudi ili kumtisha aliye nyuma. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopa. Kwa mwendo wa 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Basi likiwa mita 10 nyuma yako na wewe ukakanyaga breki kwa nguvu, nafasi hiyo inaisha kabla breki zake hazijashika sawasawa. Trafiki atakuja kupima baadaye na kusema nani ana kosa, lakini buti la IST litakuwa limeshafika kwenye siti ya watoto.

Unachotakiwa kufanya kinaonekana cha ajabu mwanzoni: shughulika na mbele yako kwanza. Ongeza nafasi kati yako na gari lililokutangulia. Kama huwa unaacha sekunde mbili, acha nne. Aliye nyuma hakuachii nafasi ya kusimama, kwa hiyo nafasi ya watu wawili lazima uitafute mbele, ili ikitokea ng'ombe au boda unapunguza taratibu na yeye anapata muda wa kukuona.

Halafu tafuta mahali. Sehemu iliyonyooka, unaona mbali, mstari wa katikati umekatika, pembeni hakuna watu. Washa indiketa ya kushoto, sogea kushoto ukiwa bado ndani ya njia yako, toa mguu kwenye mafuta pole pole. Akianza kupita, usiongeze mwendo hata kidogo. Hata kama amekutukana kwa honi.

Narudi, kuna mwanafunzi ananisubiri.

Mtu wa Ikwiriri

Nimeshavuta kiti mkuu. Shusha nondo.

Suka wa Lami

Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, nina basi la mkoa. Nisikilizeni kidogo kabla hamjanichoma.

Gari kubwa sheria inataka lisizidi 80. Zamani ukichelewa kwenye mizani unafidia mbele huko kwa kukanyaga. Siku hizi VTS, kile kifaa cha kufuatilia mabasi cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaonyesha mwendo wangu ukutani kwa watu waliokaa ofisini, siwezi kufidia. Kwa hiyo kila dakika niliyokaa nyuma ya Vitz inayokwenda 70 imepotea. Halafu mwenye Vitz huyo huyo nikitoka kumpita anazinduka usingizini, anakanyaga mafuta, ananiacha nimening'inia upande wa kulia na lori linakuja. Mnasema basi lina fujo. Ni kweli wapo wenzangu wenye fujo, wengine hata mimi nawaogopa. Ila nusu ya taa mnazowashiwa ni za kuomba.

Bwana Gia

@Suka wa Lami asante kwa kujitokeza, na hapo kwenye 70 na 80 umenikumbusha hesabu ambayo huwa nawaandikia wanafunzi ubaoni.

Basi la mita 12 linakwenda 80. Wewe unakwenda 70. Ili likupite na kurudi kushoto bila kukukwangua linahitaji kukuzidi kama mita 56 hivi, ukijumlisha urefu wa magari yote mawili na nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele. Tofauti ya mwendo ni kilomita 10 tu kwa saa, chini ya mita 3 kwa sekunde. Maana yake basi litakaa upande wa kulia kwa sekunde 20. Ndani ya sekunde hizo limeshatembea mita 440, na gari linalokuja kwa mwendo wa 100 limeshatembea mita 550. Anahitaji karibu kilomita nzima ya barabara iliyo wazi. Pale Mikese au Ruvu ataitoa wapi kilomita nzima?

Sasa wewe shuka mpaka 50. Sekunde 20 zinakuwa 7, na kilomita moja inakuwa mita 350 au chini kidogo. Kwa kutoa mguu tu kwenye mafuta umempunguzia yeye muda wa kukaa kwenye hatari, na wewe pia, maana likigongana uso kwa uso na lori ubavuni mwako hutabaki mtazamaji.

Ndiyo maana nasema usiharakishe. Unayekimbia 78 mbele ya basi la 80 umelifungia mlango.

Mzalendo Halisi

Yaani mnatufundisha uoga. Barabara nalipia kodi kama yeye. Nikiwa 80 na yeye sheria inasema 80, anapita kwenda wapi? Mimi sitoki. Hao wameharibika kwa sababu kila mtu anawapisha.

Suka wa Lami

Kaka, baki. Ila mwambie na mke wako aliyekaa kushoto kwamba umeamua kubaki.

Bwana Gia

@Mzalendo Halisi kisheria una hoja, anayezidi 80 na basi ana kosa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikimkuta anaandikiwa. Lakini wa kumkomesha yumo ndani ya basi lenyewe, abiria. Apige picha namba ya basi, aangalie spidi kwenye simu yake, apige LATRA, namba yao ya bure hubandikwa ndani ya mabasi. Au awaambie trafiki kwenye kizuizi kinachofuata. Nimeona abiria wakimshusha dereva kiti kwa njia hiyo. Wewe uliye mbele na IST huna nyenzo hata moja zaidi ya bampa lako la plastiki.

Mama Junia

Kaka Bwana Gia shikamoo, na wengine hamjambo.

Kwetu wanawake kuna na lingine. Nikimpita mwanaume kihalali kabisa, anachukulia nimemtukana. Dakika mbili yuko nyuma, full, honi, kisha ananipita na kwenda taratibu mbele yangu makusudi. Juzi kati mmoja mwenye V8 nilimpigia honi alipochomekea karibu na Mwenge, akanifuata hadi mataa yanayofuata, akashusha kioo na kunimwagia matusi mbele ya watoto. Mwanga ulipowaka kijani akaendelea kunifuata. Nilitetemeka. Je, angeshuka kwenye gari ningefanyaje?

Bwana Gia

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hili nalijibu kwa kirefu, maana hapa kinachotafutwa si njia tena, unatafutwa wewe.

Kwanza ukisimama kwenye foleni au mataa, simama pale unapoona matairi ya gari la mbele yakigusa lami. Ukiyaona, una nafasi ya kukata usukani na kuchomoka bila kurudi nyuma. Ukisogea mpaka unaona buti tu umejifungia mwenyewe. Wengi hujazana bampa kwa bampa wakiogopa kuchomekewa, na siku ya shida hawana pa kutokea.

Milango iwe imelokiwa muda wote ukiwa mjini. Vioo juu. Akishusha kioo, usimwangalie machoni, usijibu, usipige picha ukiwa umemnyooshea simu usoni, hiyo inawasha moto upya. Akianza kushuka na mbele kuko wazi, ondoka. Mbele kumefungwa, kandamiza honi usiachie. Watu hujaa haraka mjini kwetu, na mwenye hasira hapendi mashahidi.

Akikufuata, usiende nyumbani. Hilo ni kosa la kwanza watu wanalolifanya, wanakimbilia getini na kumwonyesha wanapolala. Nenda kituo cha polisi, au sheli kubwa yenye taa na walinzi, ukiwa njiani mtu aliye nawe apige 112. Huna mtu, piga ukishasimama penye watu. Wengi huacha kufuata wakiona umekata kona kuelekea polisi.

Na kama ulimkosea kweli, nyanyua mkono kumwomba radhi. Kiganja kimoja kinapoza zaidi ya unavyodhani. Na kama hukumkosea, nyanyua vilevile. Hakuna anayekupa cheti cha kuwa na haki.

Mtu wa Ikwiriri

Hiyo ya matairi ya gari la mbele sikuwahi kuisikia. Naanza leo leo.

Boda wa Tegeta

Sisi boda je? Mnaongelea V8 kuwabana nyinyi mliomo ndani ya bati. Mimi bati langu ni helmeti. Daladala linanisogelea kushoto kwa makusudi mpaka nachungulia mtaro. Ukimgonga kioo anasema boda hawana akili.

Mzalendo Halisi

Na kweli hamna. Mnapita kushoto, kulia, juu ya kipilefti, kwenye barabara ya mwendokasi.

Boda wa Tegeta

Sawa bosi. Chakula chako cha jana usiku kililetwa na nani?

Bwana Gia

Jamani taratibu. @Boda wa Tegeta, kuna mahali pawili ambapo hata dereva mwema atakuua. Pa kwanza ni kushoto mbele ya lori kwenye mataa, chini ya mlango wa utingo. Dereva wa semi amekaa juu na upande wa kulia, pale chini hakuoni kabisa, na akikata kushoto, trela linakuja kwa ndani zaidi ya kichwa. Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini hilo ni jambo la kila siku. Ama uwe mbele kabisa anapokuona, ama ubaki nyuma.

Pa pili ni kubanana ukingoni kabisa mwa lami. Unadhani unampisha, kumbe unamwambia kuna nafasi ya kupita hapo hapo bila kuhama njia. Ukikaa ndani kidogo ya njia yako, anayetaka kupita inabidi atoke kweli. Na una pa kukimbilia kushoto akikosea. Sehemu nyembamba isiyo na pa kukimbilia, usigombane naye, punguza na umwache aende.

Kuhusu kugonga kioo cha mtu kwa ngumi, hapana. Tunajua inakoishia: boda ishirini wamezunguka gari, na yule dereva kwa hofu anakanyaga mafuta akiwa hajui nani yuko mbele ya bampa.

Kijana wa Nakuru

Niaje watu wa TZ. Huku kwetu stori ni hiyo hiyo, matatu zinaoverlap mpaka unashangaa kama barabara ni yao. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, za 2004 zilileta vidhibiti mwendo vya 80 na mikanda, watu wakanyooka kwa muda, baadaye wakaanza kuzichezea.

Lakini mnajua ni nini kilisaidia kule Salgaa na Sachangwan, barabara ya Nakuru–Eldoret? Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana pale Migaa, watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya hapo wakatenganisha barabara, wanaoenda na wanaorudi hawaonani uso kwa uso. Dereva ni yule yule mwenye hasira, ila sasa hana pa kuovateki vibaya. Mimi naonelea mnalaumu tabia sana, mwaga saruji katikati.

Suka wa Lami

Kijana umesema kweli. Kimara–Kibaha ilipopanuliwa, nani anakumbuka lini mara ya mwisho aliwashiwa full pale akakosa pa kumpisha mtu?

Fundi Saa

Swali wakuu. Nikiwa nyuma ya lori, likiwasha indiketa ya kulia inamaanisha linataka kukata kulia au ananiambia nisipite? Kila mtu ananiambia lake.

Bwana Gia

Lugha ya malori. Kwenye njia zetu, indiketa ya kulia ya lori lililo mbele yako: usitoke, kuna gari linakuja. Ya kushoto: mbele peupe, pita. Usiku anayekuja mbele yako akiwasha ya kulia anakuonyesha upana wake unaishia wapi. Taa za mbele zikipepeswa mchana na anayekuja: mbele kuna tochi, au kuna ajali. Matawi mabichi yamepangwa barabarani: gari limeharibika, punguza sasa hivi, usisubiri kuliona.

Lakini sikia. Hiyo ya kushoto usiipokee kama ruhusa. Yule dereva anaona mbele, haoni mwendo wa gari lako wala jinsi linavyovuta. Lori linasema "mimi naona peupe", macho ya mwisho ni yako. Na huenda anaingia kushoto kweli kununua mkaa. Ya kulia, ndiyo, itii bila kuuliza.

Mama Junia

Na la mlima Kitonga, kule Iringa? Mwaka jana tukishuka, lori nyuma yetu lilipiga honi na taa mfululizo. Mume wangu alikasirika, akasema huyu naye tumempa nini.

Bwana Gia

Mama Junia, lori likikuwashia hivyo kwenye mteremko, usidhani ni matusi. Ondoka mbele yake haraka unavyoweza, tafuta sehemu pana. Lori lililojaa linashuka Kitonga kwa gia nzito (namba ndogo) ya kuzuia mwendo, siyo kwa breki. Dereva akilazimika kukanyaga breki muda mrefu zinachemka, na zikichemka hazishiki. Honi mfululizo kutoka nyuma mlimani inaweza kuwa mtu anayekuambia hana breki. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomekee mbele ya lori linaloshuka taratibu. Ile nafasi uliyoiona mbele yake aliiacha makusudi, ndiyo breki yake. Kitonga, Iwambi kule Mbeya, Sekenke, kote sheria ni hiyo.

Kupanda ni kinyume, wanaokasirika ni wenye gari ndogo, wanajitosa kwenye kona wakiwa nyuma ya semi linalotambaa. Kaa nyuma. Mlima una mwisho.

Fundi Saa

Na yule anayekuja uso kwa uso anaovateki na wewe uko njia yako?

Bwana Gia

Mapema: toa mguu, kanyaga breki kwa uthabiti, washa taa, honi, sogea kushoto. Usiende kulia hata kama kulia kunaonekana kweupe, kwa sababu huko ndiko atakakorudi. Ikibidi utoke nje ya lami, toka kwa kushoto ukiwa umeshika usukani sawa. Tairi likidondoka ukingoni usilivute kurudi kwa nguvu, hapo ndipo gari hupinduka. Acha lipunguze mwendo lenyewe, kisha rudi. Na ndiyo maana sipendi ushauri wa "kimbilia pembeni" kila unapobanwa. Mlandizi, Chalinze na Mikese pembeni kuna watoto wa shule, baiskeli za mkaa na wauza matunda. Usimuue mtu kwa kumpisha mtu.

Kijana wa Nakuru

Ya usiku umesahau. Full kutoka nyuma.

Bwana Gia

Kioo cha katikati kina kikono kidogo chini yake, kivute, mwanga unafifia. Wengi wanaendesha gari miaka hawajakigusa. Full kutoka mbele: angalia mstari mweupe wa kushoto, punguza, usimrudishie full yako, mkiwa vipofu wawili hakuna anayeongoza gari. Na ukipita Mikumi usiku, ile sehemu ya hifadhini ni kilomita 50 hivi, ukibanwa na mtu pale usikubali kuongeza mwendo kwa ajili yake. Twiga hana rifleta. Ukimgonga mnyama unalipa faini, kama umebaki wa kulipa.

Mzalendo Halisi

Nina kamera ya kwenye dashibodi. Nikirekodi mtu niitupe mtandaoni?

Bwana Gia

Peleka kituoni kwa trafiki ukiwa na tarehe, saa na mahali. Ukiitupa mtandaoni namba ya gari inaonekana, na aliyekuwa anaendesha siku ile pengine ni fundi au shemeji wa mwenye gari.

Suka wa Lami

Niwape moja ya bure ya Desemba. Mabasi mengi bado yanatoka Stendi ya Magufuli alfajiri, kati ya saa 11 na saa 1, ingawa tangu 2023 tunaruhusiwa usiku pia. Ukitoka nyumbani saa 10 ukidhani umetuwahi, tunakukuta Chalinze asubuhi, wote kwa mkupuo. Toka saa 2 asubuhi, kunywa chai yako, sisi tutakuwa tumeshatangulia.

Mtu wa Ikwiriri

Mkuu ukishaandika hivyo hapa, saa 2 tutajaa wote Mlandizi.

Suka wa Lami

Basi angalau mtakuwa mnabanana nyinyi kwa nyinyi.